Mtungi wa Iotam

Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia kuku na kabla ya chai, Pikria alichukua ndoo, akashuka ngazi za marani, ghala la divai la nyumba yao, na kuinywesha mitungi maji. Mama yake ndiye aliyeiita kazi hiyo hivyo kwa utani, kwa sababu mitungi yenyewe, mikubwa ya kumeza mtu, ilikuwa imefukiwa ardhini mpaka shingoni, na kilichohitaji maji ni udongo uliozunguka vifuniko. Udongo ukikauka hupasuka. Ukipasuka hewa huingia, na divai iliyoingiwa na hewa huishia kuwa siki. Basi Pikria alichota maji kwa kiganja, akanyunyiza, akaupapasa udongo kwa vidole kama anayempaka mtoto mafuta, kisha akahamia mtungi wa pili. Alikuwa mtu wa aibu, na kazi ile ilimfaa. Mitungi haikumuuliza ataolewa lini.

Jumamosi ile alifika kwenye pembe ya mashariki, penye mtungi mdogo kuliko yote, akainama, na mkono wake uliojaa maji ukabaki hewani.

Udongo haukuwa wake. Ulikuwa umekorogwa majimaji, ukabandikwa kwa haraka, na tayari ulikuwa na nyufa. Kata ya kibuyu, ambayo yeye huitundika mdomo ukiangalia chini ili ikauke, ilikuwa imetupwa juu ya rafu, bado ina unyevu.

Aliubandua ule udongo kwa kucha, akasogeza jiwe, akainusa divai. Mtungi ulikuwa umejaa mpaka shingoni, kama alivyouacha. Lakini rangi ya divai ile aliijua vizuri, rangi ya chai nzito iliyowekwa kwenye mwanga, na hii iliyomtazama kutoka ndani ilikuwa imepauka. Alichovya kidole, akaonja. Kisha akaenda kufunua mtungi wa pembeni, akakuta divai imeshuka.

Mtu alikuwa amechota kutoka mtungi mdogo, halafu akaujaza kwa divai ya mtungi mwingine ili usijulikane.

Alipanda ngazi polepole. Mama yake, Tsiuri, alikuwa jikoni akikanda unga.

"Mama, nani ameingia marani?"

"Nani kama si wewe?"

"Mama."

Tsiuri alijipangusa mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Kaka yako alipita jana ulipokuwa shule ukifundisha. Alikuwa na haraka. Sikukuu ya divai mpya ni leo huko Tbilisi, unajua mwenyewe."

"Amefungua mtungi wa baba."

"Amechota kidogo tu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Ni mwanawe, Pikria. Tangu lini mwana wa kiume akaomba ruhusa kwenye marani ya baba yake? Amesema anataka watu wa mjini waonje mkono wa Iotam. Waulize divai hii ya nani, waambiwe ni ya Iotam. Ubaya uko wapi?"

"Ile ni zedashe, mama."

Tsiuri alimgeuzia mgongo. Alirudi kwenye unga wake, akaukanda kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. Kila nyumba pale kijijini ina mtungi wake wa zedashe. Ukishafungwa kwa ajili ya mtu au kwa ajili ya kanisa, haufunguliwi kabla ya siku yake, hauchanganywi na divai nyingine, wala hauuzwi, hata nyumba ikilala njaa. Mtungi ule ulikuwa umefungwa kwa ajili ya mwaka wa Iotam. Desemba, siku ya kutimiza mwaka tangu azikwe, ungefunguliwa, padri angeubariki, kikombe cha kwanza kingemwagwa juu ya kaburi na kilichobaki kingenywewa na wote waliobeba jeneza lake.

Sasa kilichokuwamo ndani hakikuwa zedashe tena. Kilikuwa divai tu.

Pikria aliosha mikono. Akaitazama kama mikono ya mtu mwingine. Alishazoea kuogopa na kuona haya, na kulia mahali asipoonekana. Hasira hakuizoea, na hakujua mtu huiweka wapi. Alivua aproni, akavaa koti lake la kwenda shule, akatoka.

"Unakwenda wapi na chai haijanywewa?"

"Tbilisi."

"Pikria, usimwaibishe kaka yako mbele za watu."

Alifunga lango bila kulibamiza. Hata siku ile hakuweza kulibamiza.

Mzee Otar alikuwa anapakia nyama kwenye gari lake, Niva ya zamani. Otar alikuwa rafiki wa Iotam tangu utoto, mtu mwenye tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi, na ndiye tamada wa kijiji, mwongoza karamu. Hakuna meza iliyokaliwa pale bila yeye kuiongoza, arusi au msiba. Watu wa kijiji walioleta divai zao kwenye sikukuu walimtaka aongoze meza yao.

"Mwalimu," alisema alipomwona, "umekuja kunisaidia kubeba mwanakondoo, au umekuja kunihesabia dhambi?"

"Naomba lifti, mzee."

"Wewe? Kwenye watu elfu kumi? Panda, panda kabla hujabadili mawazo. Weka miguu juu ya vitunguu, havina kinyongo."

Walipanda mlima wa Gombori, misitu ikiwa imechipua majani mapya pande zote mbili, na Otar akazungumza kwa ajili ya wote wawili kama alivyozoea. Alieleza mvua, akaeleza goti lake, akaeleza habari za mkwewe anayetia sukari kwenye divai na kudhani hajulikani. Pikria alikaa amekunja ngumi juu ya mapaja.

"Leo umenyamaza mpaka unapiga kelele," Otar alisema hatimaye.

"Tamaz amefungua zedashe ya baba. Amejaza chupa, amekwenda kuziuza huko."

Otar alizima redio. Uso wake mwekundu ukawa na rangi ya matofali. Lori lilipita, akaliachia njia.

"Iotam angemvunja mguu," alisema. "Mimi mwenyewe, nikimfikia, sijui." Kisha baada ya kona mbili akaongeza, "Ila wa kusema hapo ni wewe. Wewe ndiye uliyekuwa naye."

Pikria alitazama nje. Alikuwa naye, ndiyo.

Alikuwa naye msimu mzima wa mavuno uliopita, Iotam akiwa kitandani karibu na dirisha linalotazama mlango wa marani. Ugonjwa ulimshika Agosti. Zabibu zilipoiva, Tamaz alikuja siku ya kuchuma, akakanyaga zabibu na wenzake huku wakiimba, wakala, wakanywa, na kesho yake akarudi mjini kazini. Iotam alimwita Pikria, akamwambia wataifanya divai pamoja, yeye akiwa kichwa na Pikria akiwa mikono.

Na hivyo ndivyo walivyoanza. Pikria aliingia ndani ya mitungi kabla ya juisi kutiwa, akaisugua kwa burashi ya magome ya mti wa cheri mpaka viwiko vikachubuka. Aliamka usiku kukoroga maganda na vikonyo vilivyopanda juu, maana visiposhindiliwa chini divai huchacha. Kila asubuhi na jioni alimpelekea baba kijiko cha divai. Iotam aliizungusha kinywani, akafumba macho, akatema kwenye beseni na kutoa amri: koroga zaidi, acha, funika, fungua.

Baada ya wiki chache Pikria aliingiwa na shaka. Amri hazikulingana na kilichokuwa mtungini. Siku moja, akinyata kama mwizi, alimpelekea kijiko cha maji yaliyotiwa siki na chai. Iotam aliyazungusha kinywani, akafumba macho.

"Nzuri," alisema. "Inakuja vizuri. Endelea hivyo hivyo."

Dawa zilikuwa zimeua ulimi wake. Kuanzia siku ile Pikria alikuwa peke yake. Aliendelea kumpelekea kijiko, akasikiliza amri, akaitikia, kisha akashuka chini na kufanya kile alichoona yeye kinafaa. Ni yeye aliyeamua lini akoroge na lini aache. Ni yeye aliyeamua kwamba zabibu za mizabibu mizee ya nyuma ya kanisa ziwekwe peke yake kwenye mtungi mdogo, na ni yeye aliyejua, kwa kutega sikio juu ya mdomo wa mtungi na kusikia kimya, kwamba sasa ni wakati wa kufunga. Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Mara mbili alikaa chini gizani akalia kwa hofu ya kuharibu kila kitu.

Hakuharibu. Novemba wageni walikuja kumwona mgonjwa: Otar, majirani, Tamaz na marafiki zake wa mjini. Walionja, wakanyamaza, wakaonja tena. Otar alisema hajawahi kunywa kitu kama kile katika nyumba ile. Iotam, uso umebaki mifupa, akatabasamu.

"Mkono wangu bado haujatetemeka," alisema. Kisha akageuza kichwa. "Pikria, watu hawana jibini. Nenda kalete."

Alikwenda, akaileta. Wageni walipoondoka, baba alimshika kifundo cha mkono. "Usiwaambie kwamba nilikuwa kitandani muda wote," alisema. "Marani ya Iotam kuendeshwa na binti, watanicheka mpaka kaburini. Niache niende kama mwenye marani." Naye, mwenye moyo laini, akasema ndiyo, baba. Desemba walimzika.

Uwanja wa sikukuu ulikuwa mlimani juu ya mji, kati ya nyumba za kale za mbao. Vijana walicheza ngoma kwenye majani, moshi wa mishkaki ulifunika miti, na kila hatua mtu alikusukumia glasi. Pikria alipita katikati ya watu amebana mabega. Mara moja tu alitamani kurudi nyuma, na hapo ndipo alipoona picha ya baba yake.

Ilikuwa kwenye bango, na picha ileile imebandikwa kwenye kila chupa. Chini yake pameandikwa: Mkono wa Mwisho wa Iotam. Tamaz alisimama nyuma ya meza, shati jeupe, amependeza, na watu wamemzunguka.

"Baba alikuwa hawezi kusimama," alikuwa anawaambia, "lakini alishuka ngazi za marani akiniegemea bega. Akaniambia, mwanangu, tega sikio. Mtungi ukinyamaza, ufunge. Nilijifunza kwake mpaka pumzi ya mwisho."

Mwanamke mmoja alifuta machozi. Muuzaji wa meza ya jirani, mwenye masharubu, akapaza sauti, "Tamaz, divai yako inalewesha au inaliza? Wateja wangu wote wanakuja kwako na kuondoka na makamasi." Watu wakacheka. Tamaz alicheka pia, kisha akamwona dada yake.

"Pikria," alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli, jambo lililozidi kumchoma Pikria. "Umekuja. Jamani, huyu ni dada yangu. Onja, dada, tazama watu wanavyompenda baba."

"Nataka kuzungumza nawe."

"Sasa hivi? Huyu bwana ana hoteli, anataka kuchukua chupa zote zilizobaki."

"Sasa hivi, kaka."

Walikwenda nyuma ya mapipa. Pikria alikuwa amejipangia maneno njia nzima.

"Umefungua zedashe," alisema. "Ukaijaza na divai nyingine, ukanificha. Desemba tutalimwagia kaburi lake nini?"

"Sikukuficha. Sikutaka tu ugomvi." Tamaz alitazama pembeni. "Sikiliza. Desemba watakunywa wazee ishirini wa kijijini ambao wangekunywa hata maji ya mtaro. Hapa imenywewa na nchi nzima. Divai nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza baba, nayo ikae gizani? Mimi nimemheshimu kuliko wewe na udongo wako."

"Ilikuwa imewekwa."

"Imewekwa, imewekwa. Wewe unajua nini kuhusu divai, Pikria? Kazi yako ni kumwagilia vifuniko. Mimi ndiye baba aliyemwonyesha."

"Alikuonyesha lini?"

"Nini?"

"Hiyo siku aliyokuegemea bega. Ilikuwa lini?"

Tamaz aliinua mabega. "Hayo ni maneno ya sokoni. Watu wanapenda hadithi. Lakini mkono ni wake, si uongo, wewe mwenyewe ulikuwepo."

Kinywa cha Pikria kilifunguka. Yote yalikuwa pale, juu ya ulimi: kijiko cha siki, burashi, kile kimya cha mtungini. Akaona mkono wa mifupa umemshika kifundo. Akafumba kinywa.

"Unaona," Tamaz alisema kwa upole, akampigapiga bega kama mtoto. "Umechoka tu. Njoo ule."

Nusura ampige ngumi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alielewa jinsi mtu anavyopiga mwingine, na akashangaa jambo lenyewe ni dogo kiasi gani, mkono unyanyuke tu. Hakupiga. Alimfuata.

Meza ya kijiji ilitandikwa nyuma ya vibanda, chini ya turubai. Palikuwa na mikate ya tanuri, maharage, jibini, mishkaki ya Otar na mchuzi wa plamu za kijani, zile ndogo chachu zinazokunjisha uso. Wanaume walikaa katikati, wanawake mwishoni karibu na vyombo, na chupa zenye uso wa Iotam zikasimama mstari mzima wa meza. Otar alikaa kichwani. Hakumsalimu Tamaz. Aliinua kikombe kwa ajili ya amani, kisha kwa ajili ya nchi, kisha kwa ajili ya mizabibu, kila mara kwa maneno machache kuliko kawaida yake, mpaka watu wakaanza kutazamana.

Kisha akasimama, na wanaume wote wakasimama naye. Ilikuwa zamu ya marehemu.

"Tunamkumbuka Iotam," alisema, akamwaga matone juu ya kipande cha mkate. "Tulichokishika mikononi hakikupaswa kunywewa leo. Kila aliye hapa anajua, na aliyekileta anajua zaidi. Lakini kimeshamiminwa, na kilichokwisha kumiminwa hakirudi mtungini. Basi na kinenewe ukweli."

Tamaz alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alisogea mbele, tayari kulipokea neno, kwa kuwa mtoto wa marehemu ndiye hupewa. Alikuwa na maneno mazuri, alikuwa ameyasema kutwa nzima.

Otar hakumtazama. Alipita nyuma ya migongo ya wanaume na pembe ya kunywea iliyojaa divai, akaenda mpaka mwisho wa meza, penye wanawake na sahani.

"Alaverdi kwako, mwalimu," alisema. "Neno lako sasa. Aliyekuwa naye mwisho ndiye amseme."

"Mzee Otar," Tamaz alisema, "dada yangu haongei mbele za watu. Mnamtesa bure."

"Ni kweli, siongei," Pikria alisema.

Alisimama. Pembe ilikuwa nzito, na divai ndani yake ilikuwa na ile rangi ya chai kwenye mwanga. Hii ilikuwa yenyewe, haikuchanganywa. Alinusa kokwa za jozi, asali na moshi kidogo, na nyuma ya hayo akanusa mahali pale gizani alipokaa akilia. Aliwaona wakimtazama: masharubu ya muuzaji jirani, bwana wa hoteli aliyekaribishwa, kaka yake anayemwonea huruma. Uso wa baba yake ulimtazama kutoka kila chupa, umetulia, umeridhika. Hasira iliyokuwa imemzunguka tangu asubuhi ikitafuta mlango, mara kwa Tamaz, mara kwa mama, ilisimama mbele ya uso ule na ikajua ilimlenga nani.

Alimwaga matone juu ya mkate. Hakumtazama mtu yeyote isipokuwa chupa iliyo karibu naye, na sauti yake ilikuwa ndogo, hivi kwamba waliokuwa mbali waliacha kutafuna ili wasikie.

"Baba," alisema, "divai hii ni yangu. Wewe ulimi wako ulikuwa umekufa. Nilikupa siki ukaniambia nzuri, endelea, nami nikaendelea peke yangu, nikakuficha ili usihuzunike. Kisha watu wakakusifu mbele yangu, ukanituma jibini. Ukaniomba ninyamaze, nikanyamaza mpaka kaka anasimama sokoni na kusema uongo asioujua. Nilikuosha, nikakuzika, na bado nakupenda. Lakini ulinikosea, baba. Ulijua ni mikono ya nani, na ulinikosea."